Kipimo cha Akili na Haki ya Mwenye Kupimwa

Wahenga walisema: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi wetu huieleza bila taabu. Watu hawalingani kwa fikra, wala kwa njia ya kufikiri. Lakini mara tumalizapo kuieleza, twawagawia karatasi, twatazama saa, na baada ya siku chache twaandika mbele ya kila jina tarakimu moja. Nywele za kila mtu zimekatwa kwa mkasi mmoja.

Hapo ndipo lizukapo swali tunalotaka kulijadili. Je, ni halali mtu kumpima mwenzake akili, kisha akakitumia kipimo hicho kumfungulia au kumfungia mlango wa riziki? Na kama ni halali, mpimaji ana wajibu gani kwa yule ampimaye? Tungeweza kulijibu kwa kuzitazama shule zetu moja kwa moja, lakini nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Kwa hiyo tutaanza na mfano wa mbali, mfano wa wachezaji wa mpira wa Marekani, halafu turudi nyumbani.

Mpira wa Marekani si huu tuuchezao sisi. Wao huushika kwa mikono, huurusha, hukimbia nao, na huangushana chini. Ligi yao kubwa ina utaratibu wa kuwateua vijana ambao tangu mwaka 1936 umekuwa ukifanyika kila mwaka. Timu hukutana, na kila moja kwa zamu yake huchagua kijana kutoka vyuo vikuu, timu iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia kuchagua. Kabla ya siku hiyo vijana wapatao mia tatu huitwa mahali pamoja. Tangu mwaka 1987 mahali hapo pamekuwa mji wa Indianapolis. Huko hupimwa urefu, uzito, mbio na nguvu za mikono. Na kwa miaka mingi walipimwa pia akili.

Kipimo kilichotumika kiliitwa Wonderlic, kwa jina la Eldon Wonderlic aliyekitunga katika miaka ya 1930 kwa ajili ya waajiri waliotaka kuchagua wafanyakazi. Kina maswali 50, nayo hujibiwa kwa dakika 12. Tukigawa, twaona kila swali lina sekunde 14 na kitu. Maswali yenyewe ni ya hesabu ndogo, maana za maneno, mafumbo ya maumbo na mfuatano wa namba. Katika miaka ya 1970 kocha Tom Landry wa timu ya Dallas alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukitumia kwa wachezaji, na baadaye ligi nzima ikakifuata. Mwaka 2022 ligi ilikiondoa katika mkutano wake wa upimaji. Hata hivyo timu mbalimbali zimeendelea kutumia vipimo vingine vipya, vinavyofanywa kwa kompyuta, ambavyo hupima wepesi wa jicho na wa uamuzi.

Mwenye kutetea upimaji huu ana hoja, na haki yatutaka tumsikilize kwanza. Atasema kwamba mchezo ule una mipango mingi ya kukariri. Mchezaji aitwaye kwotabeki, ambaye ndiye kiongozi wa mashambulizi na mrushaji wa mpira, ana sekunde chache tu za kuwatambua adui na kuamua. Timu hutoa mamilioni ya dola kwa kijana mmoja. Je, haina haki ya kujua kama ana kichwa cha kuifanya kazi hiyo? Mwenye kununua ng'ombe humtazama meno. Mwenye kuajiri mhasibu humpa hesabu.

Hoja hii ni nzuri, nasi hatuipingi. Tatizo ni kwamba haijibu swali la pili: je, kipimo chenyewe chapima kazi hiyo? Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti juu ya wachezaji 762 wa ligi hiyo, na watafiti hawakuona uhusiano kati ya alama za akili na ubora wa mchezaji uwanjani. Basi kwa miaka zaidi ya thelathini vijana walikalishwa madawatini kujibu maswali ambayo majibu yake hayakusema lolote la maana juu ya kazi waliyoiomba.

Kuna kisa cha karibuni. Mwaka 2023, siku chache kabla ya uteuzi, magazeti ya Marekani yaliandika kwamba kijana C.J. Stroud alipata alama 18 kwa 100 katika mojawapo ya vile vipimo vipya, na kwamba mwenzake Bryce Young alipata 98. Young aliteuliwa wa kwanza, Stroud wa pili, akaenda Houston. Timu hiyo ilikuwa imeshinda michezo 3 tu mwaka 2022. Mwaka 2023, Stroud akiwa kwotabeki, ilishinda 10, naye akatunukiwa heshima ya mchezaji bora wa ushambuliaji miongoni mwa wageni wa ligi. Hatusemi kwamba mfano mmoja wabatilisha kipimo kizima. Huo ungekuwa uvivu wa kufikiri. Twasema tu kwamba kama timu ya Houston ingaliiamini ile tarakimu kuliko macho yake, ingalimwacha mtu iliyemhitaji.

Tena tazameni neno tulilolitumia: magazeti yaliandika. Alama zile zilikusudiwa kuwa siri kati ya mpimaji na timu. Mwaka 2012 vilevile ilivuja alama ya kijana mwingine aliyesemekana kupata 4 kati ya 50, na nchi nzima ikamcheka. Jina lake twaliacha, maana kulirudia ni kuliendeleza kosa lile lile. Kijana huyu alikwenda kuomba kazi ya kucheza, akarudi na sifa ya ujinga iliyotangazwa duniani. Ni nani aliyelipa gharama ya aibu ile? Si aliyepima, wala si aliyevujisha.

Ili tulielewe jambo hili vizuri, yafaa tukumbuke vipimo vya akili vilikotoka. Mwaka 1905 Mfaransa Alfred Binet, pamoja na mwenzake Théodore Simon, walitunga kipimo cha kwanza kilichokubalika. Nia yao ilikuwa njema. Serikali ilitaka kuwatambua watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida ili wapewe mafunzo yanayowafaa. Kwa Binet kipimo kilikuwa kama kipimajoto cha mganga: humwambia nani ahitaji dawa. Yeye mwenyewe aliwapinga waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezwa. Lakini kipimo kilipovuka bahari kikabadilishwa kazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Marekani liliwapima watu kiasi cha milioni moja na laki saba ili kuwapanga katika safu zao. Kipimajoto kikawa kitasa cha mlango.

Na mlango huo haukufungwa kwa wote sawasawa. Kampuni ya umeme ya Duke Power, katika jimbo la North Carolina, iliwaweka wafanyakazi wake Weusi katika idara moja tu, idara ya vibarua, ambako mshahara wa juu ulikuwa chini ya ule wa chini kabisa katika idara nyingine. Sheria mpya ya kukataza ubaguzi kazini ilipoanza kutumika tarehe 2 Julai 1965, siku ile ile kampuni ilianzisha mitihani kwa watakaoingia katika idara zilizo bora. Mmojawapo wa mitihani hiyo ulikuwa ni huu huu wa Wonderlic. Wafanyakazi walishtaki. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba mtihani unaowafungia watu wa rangi fulani ni haramu iwapo mwajiri hawezi kuonyesha kuwa unahusiana na kazi yenyewe, hata kama hakuwa na nia mbaya. Uamuzi huu una hekima kubwa ya kimaadili. Mahakama haikuharamisha mitihani. Ilimwambia mwenye mtihani kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wake yeye.

Wanamichezo nao walikutana na jambo zito zaidi. Wachezaji wengi wa mpira ule waliumia ubongo kwa kugongana vichwa, na baada ya mashtaka ligi ikakubali kuwalipa fidia. Kwa kawaida, ili kujua mtu amepungukiwa akili kiasi gani, wapimaji walilinganisha alama zake za leo na kiwango kilichokisiwa kuwa alikuwa nacho zamani. Basi ikaja kugundulika kwamba katika makisio hayo mchezaji Mweusi aliweza kukadiriwa kuwa alianza na akili ndogo kuliko Mweupe. Hivyo watu wawili wenye alama zile zile walihesabiwa tofauti. Mweupe alionekana amepoteza, Mweusi alionekana hakuwa na kitu cha kupoteza. Wachezaji wawili wa zamani walifungua mashtaka mwaka 2020, na mwaka 2021 ligi iliahidi kuachana na hesabu hiyo. Ndugu wasomaji, hapa hapakuwa na msimamizi aliyemtukana mtu. Palikuwa na jedwali tu. Dhuluma iliyoandikwa kwa tarakimu haina sauti, na kwa sababu hiyo huishi miaka mingi.

Sasa turudi nyumbani. Je, sisi wenyewe twaiita nini akili? Maana haiwezekani kupima kitu kabla ya kukubaliana ni kitu gani. Mwaka 1974 Mallory Wober alichapisha uchunguzi wake juu ya Waganda na neno lao obugezi. Aliona kwamba wanakijiji waliihusisha akili na utaratibu, uthabiti na uangalifu, hali wale waliosoma zaidi kwa mtindo wa Kizungu waliihusisha na wepesi. Fikirini basi: mzee wa Buganda awekewe maswali 50 kwa dakika 12. Kwake yeye, mtu ajibuye kila jambo kwa sekunde 14 ndiye aliyekosa akili! Na lugha yetu ya Kiswahili imekwisha kutoa hukumu yake iliposema haraka haraka haina baraka, na simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kwa Wajaluo wa Kenya, watafiti walioongozwa na Wamarekani Robert Sternberg na Elena Grigorenko waliona maneno manne: rieko, luoro, winjo na paro. La kwanza lahusu maarifa na ustadi, la pili lahusu heshima, la tatu kuyaelewa mambo ya maisha, na la nne fikra na bidii ya kuanzisha jambo. Kati ya hayo manne, rieko ndilo lililo karibu zaidi na kile kipimwacho shuleni. Watafiti hao hao walikwenda Usenge, kando ya Ziwa Viktoria, wakawapima watoto ujuzi wa mitishamba ya kutibu maradhi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika maneno ya Kiingereza. Mtoto awezaye kumponya nduguye tumbo alionekana mjinga mbele ya karatasi.

Na hapa Burundi? Mtaalamu wa Marekani, Ethel Albert, katika makala yake ya mwaka 1964 juu ya ufasaha wa Warundi, alilieleza neno ubgenge, ambalo leo twaliandika ubwenge, kuwa ni werevu wenye kufanikiwa, hasa ule wa kuyaendesha mambo makubwa ya maisha kwa fikra na kwa maneno. Alieleza pia kwamba katika baraza watu husema kwa kufuata ukubwa: mkubwa hutangulia, mdogo hungoja. Kwa hiyo mtoto aliyelelewa vizuri nyumbani hufundishwa kunyamaza, kusikiliza, kupima neno, ndipo aseme. Huyu akifika darasani, akaulizwa ghafula na kutakiwa kujibu papo hapo, tabia aliyosifiwa nayo na wazazi humgeuka ikawa kosa. Twamwandikia: mzito.

Hata hivyo tusije tukaangukia upande wa pili, tukasema mitihani yote itupwe. Kwa miaka mingi mtoto wa Burundi alikutana na mtihani wa kuingia sekondari mwishoni mwa darasa la sita. Sasa mlango huo umesogezwa hadi darasa la tisa. Twayajua machozi yake. Lakini mtihani una fadhila moja kubwa: haulijui jina la baba. Pasipo karatasi na tarakimu, atakayechagua ni mtu, na mtu ana shemeji, ana jirani, ana kabila. Mtoto wa mkulima asiye na mjomba mjini hana wakili mwingine ila alama zake. Kuondoa kipimo bila kuweka haki mahali pake ni kuwarudishia wenye nguvu funguo za mlango.

Wala jicho la mtu halitoshi peke yake, ingawa mara nyingine huona vizuri ajabu. Hapa Bujumbura kijana hutazamwa akicheza, kwenye viwanja vya vumbi vya mitaani na hatimaye katika uwanja mkubwa uitwao sasa Intwari. Shabani Nonda, aliyezaliwa mji huu mwaka 1977, alipita katika timu ya Vital'O, akaenda Yanga ya Dar es Salaam, na kwa njia ya Afrika Kusini akafika Ulaya. Mwaka 2004 aliingia kutoka benchi akaifungia Monaco bao dhidi ya Chelsea katika nusu fainali ya mabingwa. Kujua pa kusimama, na lini, katika dakika za mwisho za mchezo kama ule, ni akili tele, wala haikuandikwa kwenye karatasi. Lakini ni vijana wangapi wa Buyenzi na Bwiza ambao jicho la kocha halikuwaangukia, kwa kuwa hawakuwa na viatu siku ile, au hawakuwa na wa kuwataja? Jicho nalo ni kipimo, nalo lina upendeleo wake.

Basi, ikiwa hatuwezi kuishi bila vipimo, swali la maadili lahusu deni la mpimaji. Sisi twaona kwamba kila ampimaye mwenzake hukopa kwake kitu, kwa kuwa mpimwa amejiweka wazi mbele yake. Deni hilo hulipwa kwa mambo matatu.

La kwanza ni kupima kile tu tudaicho kwamba twakipima. Hili ndilo funzo la ile mahakama ya mwaka 1971. Nasi walimu wa Kiswahili twahusika sana. Mtoto wa Buyenzi, aliyenyonya Kiswahili na maziwa ya mamaye, husimulia, hubishana, hutania na hupatanisha watu kwa lugha hii. Kisha twamwuliza ataje ngeli ya neno fulani kwa jina la kitabuni, anashindwa, twamwandikia hajui Kiswahili. Mwenzake ambaye nyumbani husema Kirundi tu ameikariri orodha ya ngeli, anapata alama zote, lakini hawezi kuagiza chai sokoni. Wote wawili tumewadanganya. Tungetaka kupima sarufi, tuandike kwamba ni alama za sarufi, na ujuzi wa kusema tuupime kwa kusema.

La pili ni kuitunza siri na heshima ya mpimwa. Alama ni amana. Yule kijana wa mwaka 2012 alichekwa na nchi nzima. Wetu huchekwa na darasa zima pale mwalimu asomapo majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kwa sauti, huku wa mwisho akijua tangu mwanzo kwamba zamu yake itafika. Desturi hii haifundishi kitu. Aliyefeli anaweza kuitwa kando na kuambiwa ukweli wote, bila kupunguzwa hata alama moja, na heshima yake ikabaki.

La tatu ni kumrudishia mpimwa faida. Binet alipima ili asaidie. Mwenye kumpima mtu kisha akamwacha vile vile alivyomkuta, amemtumia tu. Karatasi irudipo kwa mwanafunzi ikiwa na tarakimu nyekundu na msalaba, bila neno la kumwonyesha alipopotea na njia ya kurudi, mwanafunzi huyo amefanya kazi kwa ajili ya daftari letu, wala hatukumlipa.

Huenda mtu akauliza: je, katika mitihani ya taifa, ambayo hatuitungi sisi, twaweza kufanya nini? Ni kweli hatuwezi kuyageuza yote. Lakini kati ya mtihani mmoja wa taifa na mwingine yapo majaribio mengi yatungwayo na mkono wetu wenyewe, na ndiyo yanayomfundisha mtoto ajione mtu wa namna gani. Basi, ndugu walimu, muhula huu, kabla ya kupiga chapa karatasi za jaribio, tukae kitambo na kila swali tulilolitunga na tujiulize: mtoto atakayelikosa hili, tutakuwa tumejua nini juu yake, nasi tutamfanyia nini siku ya pili yake? Swali lisilo na jibu kwa hayo mawili, tulifute.